Uwezekano na sampuli: kabla ya fomula, tuulize kimechaguliwaje

#1 Chaki_Nyalenda

Salamu wadau, kutoka Kisumu. Uzi huu ni wa watahiniwa, wa wazazi wanaokaa nao mezani usiku, na wa kila anayefundisha Hisabati. Mada ni uwezekano, ile ya kidato cha tatu inayorudi kwenye karatasi ya pili ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), pamoja na uchukuaji wa sampuli, ambao shuleni tunaupitia mbio mbio.

Kwenye masomo ya jioni hapa mtaani sioni watoto wakishindwa kuzidisha sehemu. Wanazidisha vizuri. Wanapotea mapema zaidi, kwa kuanza kukokotoa kabla hawajajiuliza: kitu hiki kimechaguliwaje? Aliyechukua alikuwa akiona au hakuona? Amechukua vingapi? Alichotoa amekirudisha au amekiweka kando? Kuna chochote ambacho hakikuwa na nafasi ya kuchaguliwa? Mtoto akiyajibu hayo kwa maneno yake mwenyewe, hesabu inayobaki ni ya shule ya msingi.

Tuanze na swali la kawaida. Mfuko una kalamu 5 za buluu na 3 nyekundu. Unachukua mbili bila kuangalia, moja baada ya nyingine, na ya kwanza huirudishi. Uwezekano wa kupata moja ya kila rangi ni kiasi gani?

Jibu ninaloletewa mara nyingi ni 15/56, yaani 5/8 mara 3/7. Hilo ni jibu la swali jingine: uwezekano wa buluu kutangulia na nyekundu kufuata. Swali letu halikusema ipi itangulie. Nyekundu nayo inaweza kutangulia: 3/8 mara 5/7, ambayo pia ni 15/56. Njia hizo mbili haziwezi kutokea kwa pamoja, kwa hiyo tunajumlisha: 30/56, yaani 15/28.

Namna ya kujikagua ni kuandika ncha zote nne za mchoro wa mti. Buluu-buluu 20/56, buluu-nyekundu 15/56, nyekundu-buluu 15/56, nyekundu-nyekundu 6/56. Jumla ni 56/56. Jumla isipofika moja, kuna tawi umelisahau au sehemu umeikosea, na utalijua hilo ukiwa bado ndani ya chumba cha mtihani.

Kalamu ya kwanza ingerudishwa mfukoni, namba ya chini ingebaki 8 mara zote mbili, na jibu lingekuwa 30/64, yaani 15/32. Kalamu ni zilezile na mfuko ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuchagua tu.

#2 Kidato3_Kakamega

Habari za jioni, mwalimu. Nimefuata mpaka hapo. Lakini kama nimetia mkono nikatoa kalamu zote mbili kwa mpigo, hakuna ya kwanza wala ya pili. Sasa ule mti nauchora vipi?

#3 Chaki_Nyalenda

Swali zuri sana, mwanangu. Achana na mti, hesabu jozi. Kalamu ya kwanza ingeweza kuwa yoyote kati ya 8, mwenzake yoyote kati ya 7 zilizobaki, hiyo ni 56. Lakini kila jozi umeihesabu mara mbili, kwa hiyo jozi halisi ni 28. Jozi zenye rangi mbili ni 5 mara 3, ambazo ni 15. Jibu ni 15/28, lilelile. Kutoa kwa mpigo na kutoa moja moja bila kurudisha ni uchaguzi wa aina moja, na ukiwa na njia mbili za kulifikia jibu, moja itaikagua nyingine.

#4 Ubao_Nakuru

Mwalimu mwenzangu, nakubali sehemu ya hoja yako na nyingine naipinga. Karatasi ya pili ni saa mbili na nusu kwa alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na ya pili mtahiniwa huchagua matano kati ya manane, alama kumi kila moja. Ni dakika moja na nusu kwa alama. Mtoto akianza kuandika insha ya namna kitu kilivyochaguliwa, kengele italia akiwa swali la kumi. Wangu nawapa kanuni mbili: "na" zidisha, "au" jumlisha. Zinawafikisha.

#5 Chaki_Nyalenda

Mwalimu, kuhusu muda uko sawa, na sisemi waandike insha. Nasema wasome swali mara ya pili kabla ya kushika kikokotoo. Hizo kanuni zako zote mbili zina masharti, na watoto wanazibeba bila masharti yake.

Chukua dadu moja. Uwezekano wa kupata namba shufwa au namba kubwa kuliko 3? Shufwa ni 2, 4, 6. Kubwa kuliko 3 ni 4, 5, 6. Mwenye kanuni ya "au jumlisha" ataandika 3/6 kujumlisha 3/6, apate 1, maana yake ni lazima itokee. Lakini dadu ikiangukia 1 au 3, haikutokea. Namba zinazofaa ni 2, 4, 5 na 6, kwa hiyo jibu ni 4/6. Ile 4 na 6 zilihesabiwa mara mbili.

Na si watoto pekee. Mwaka 1754 d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Alihesabu hali tatu: kichwa mara ya kwanza (basi mchezo umeisha), mkia kisha kichwa, mkia kisha mkia. Hali hizo tatu hazina uzito sawa, kwa sababu ile ya kwanza ina nafasi ya 1/2 na nyingine mbili 1/4 kila moja. Jibu ni 3/4. Mtoto anayeandika matokeo yote manne kwenye kona ya karatasi anatumia sekunde kumi na hafanyi kosa hilo.

#6 Ubao_Nakuru

Kwenye masharti tumekubaliana. Kwenye muda bado nina shaka, lakini nitalijaribu la kusoma mara mbili na darasa langu.

#7 Mama_Mayai

Mimi si mwalimu, nauza mayai Kibuye. Tuseme trei ya mayai 30 ina viza matatu nami sijui ni yapi. Mteja anachukua mawili. Je, nafasi ya kwenda na viza nyumbani ni kiasi gani? Naona kama ni ndogo, lakini malalamiko si machache.

#8 Chaki_Nyalenda

Mama, nafasi hiyo si ndogo. Ukiulizwa "angalau moja", rahisi ni kutafuta kinyume chake, yaani yote mawili yawe mazima, kisha utoe kwenye 1. La kwanza kuwa zima ni 27/30. La pili, la kwanza likiwa zima, ni 26/29. Zidisha: 702/870. Toa kwenye 1: 168/870, ambayo ni 28/145, karibu 0.19. Maana yake, ukiwa na trei nyingi za namna hiyo, karibu mteja mmoja kati ya kila watano wanaochukua mawili atarudi na neno.

Ila hesabu hii inadai mteja achukue kwa nasibu. Kama viza yote matatu yalitoka kwa muuzaji mmoja na yamekaa pamoja kwenye kona ya trei, na wateja huchukua mayai yanayopakana, mambo yanabadilika: wengi hawatapata hata moja, na wachache watapata mawili kwa pamoja.

#9 Kijana_Kondele

Kaka, niletee hesabu ya mkeka, ule wa kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Nikiweka timu kumi, kila moja nina uhakika wa 70%, si mkeka mzuri? Na nimekosa mikeka mitano mfululizo, kwa hiyo wa sita uko karibu kuingia.

#10 Chaki_Nyalenda

Ndugu yangu, nitakujibu kwa makini kwa sababu pesa hizi ni za nyumbani.

Mkeka unaingia timu zote kumi zikishinda. Tukichukulia mechi hazitegemeani, ni 0.7 mara 0.7 hivyo hivyo mara kumi, na inakuja 0.028. Chini ya mikeka mitatu kati ya mia. Ule uhakika wa 70% ulikuwa wa timu moja moja, mkeka wenyewe haukuwahi kuwa nao.

Sasa angalia malipo. Timu ya 70% ingelipwa kwa haki ingekuwa na odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) ya 1.43 hivi. Chukua mfano kwamba unapewa 1.35. Tofauti inaonekana haina maana. Lakini kwenye kila timu, shilingi yako inabaki na thamani ya 0.7 mara 1.35, yaani senti 94 na nusu, na mkeka unaizidisha hiyo mara kumi. Inabaki kama senti 57. Mkeka wa shilingi 100 utakuahidi shilingi 2,010 hivi, na kwa wastani wa mikeka mingi utakurudishia 57. Kadiri unavyoongeza timu ndivyo unavyozidi kumwachia mwenye duka.

Na la mikeka mitano iliyopotea: wa sita hauijui. John Kerrich, mwanahisabati aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 na kupata vichwa 5,067. Asilimia ilisogea karibu na 50, lakini sarafu haikuwahi kulipa deni la mikia iliyokuwa imechelewa. Ni vilevile na mama mwenye mabinti wanne anayeambiwa na majirani kwamba wa tano lazima awe mvulana. Nafasi ya huyo wa tano ni karibu nusu, kama ilivyokuwa kwa wale waliotangulia, na hakuna haki ya mtu kumlaumu mama kwa hilo.

#11 Kijana_Kondele

Hiyo ya senti 94 sikuwahi kuelezwa. Asante kaka. Nitaikokotoa tena kwa odi za timu nilizokuwa nazo.

#12 Dada_Bungoma

Tusogee kwenye sampuli kidogo. Mwanangu alipewa kazi ya kutafuta wastani wa watoto kwa kila nyumba katika eneo letu. Aliwauliza wanafunzi wenzake wote darasani, mmoja mmoja, "nyumbani mko watoto wangapi?" Akajumlisha, akagawa kwa idadi ya wanafunzi. Namba iliyotoka naiona kubwa kuliko hali ninayoijua mtaani. Amekosea wapi na darasa zima ameliuliza?

#13 Chaki_Nyalenda

Dada, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na karibu kila shule inayofanya kazi hiyo inaipata namba iliyovimba. Kugawa kwake hakuna kosa. Tatizo liko kwenye namna nyumba zilivyochaguliwa.

Chukua nyumba nne. Ya kwanza ina mtoto 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 6. Watoto ni 12, nyumba 4, wastani wa kweli ni 3 kwa kila nyumba.

Sasa waulize watoto wote 12. Mmoja atasema 1. Wawili watasema 2. Watatu watasema 3. Sita watasema 6. Jumla ya majibu ni 1, na 4, na 9, na 36, yaani 50. Gawa kwa 12, unapata 4.17. Hakuna mtoto aliyedanganya wala aliyesahauliwa, lakini nyumba ya watoto sita imesema mara sita na nyumba ya mtoto mmoja mara moja. Tena nyumba isiyo na mtoto haitasema kabisa, kwa sababu hakuna wa kuituma darasani. Ukiongeza nyumba moja ya namna hiyo kwenye mfano wetu, wastani wa kweli unashuka hadi 12/5, yaani 2.4, na darasa litaendelea kusema 4.17.

Ukubwa wa sampuli hautasaidia hapo. Akiuliza shule nzima atapata namba iliyovimba vilevile, ila atajiamini zaidi.

Afanyeje? Achague nyumba, asichague watoto. Aorodheshe nyumba za mtaa, azipe namba, aandike namba hizo kwenye vikaratasi, avikunje, avichanganye kwenye sufuria, atoe kumi au ishirini bila kuangalia. Nyumba iliyotoka ndiyo anayoiendea, hata kama iko mbali na mbwa wao ni mkali. Kuna njia nyingine kwa asiyeweza kutembea: majibu ya darasani ayape uzito. Mtoto aliyesema 6 ahesabiwe kama sehemu ya sita ya nyumba, aliyesema 2 nusu ya nyumba. Kwenye mfano wetu: 1 kati ya 1, 2 kati ya 2, 3 kati ya 3, 6 kati ya 6, zinatoa nyumba nne kamili, na 12 kwa 4 ni 3. Zile nyumba zisizo na watoto bado hazitapatikana, na hilo aliandike wazi kwenye kazi yake. Mwalimu mzuri atampa alama kwa kuliandika.

#14 Kidato3_Kakamega

Kwa hiyo hata nikiwauliza abiria wa matatu kama gari lao lilijaa, nitapata jibu lililovimba? Kwa sababu lililojaa lina watu wengi wa kunijibu?

#15 Chaki_Nyalenda

Ndiyo kabisa. Matatu moja ya abiria 14 na nyingine ya abiria 2: wastani kwa gari ni 8, lakini kati ya abiria 16, 14 watakwambia walikuwa kumi na wanne. Umeelewa vizuri sana.

#16 Mzee_Nafaka

Vijana, sisi tuliokuwa kwenye biashara ya mahindi tulilijua hili kwa mikono. Lori likija na magunia ya kilo 90, hufungui gunia la juu ukatazama mdomoni pa gunia tu. Mahindi makavu na meupe ndiyo huwekwa mdomoni. Unachukua bambo, unachoma ubavuni na chini, unatoa punje za ndani. Na magunia ya kuchoma uyachague wewe, usimwache dereva akuonyeshe. Kiwango cha unyevu kinachokubalika ni 13.5%, na gunia linaweza kuwa na 13 juu na 16 katikati. Magunia matano uliyochoma vizuri yanakwambia zaidi ya hamsini uliyoyachungulia.

#17 Ubao_Nakuru

Mzee, umenikumbusha mfano ninaowapa wanafunzi wangu. Uchaguzi wa Marekani wa 1936, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, na zaidi ya milioni mbili zikarudi. Likatangaza Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa ukata ambapo maskini hawakuwa na hivyo. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, mpima maoni, kwa sampuli ya watu kama 50,000, alimtaja mshindi sawasawa. Hapo Chaki nakuunga mkono bila masharti: swali la kwanza ni kimechaguliwaje, la pili ndilo ni vingapi.

#18 Mfugaji_Vihiga

Nami nina la kwangu. Nina bwawa la mita za mraba 300, niliweka vifaranga 1,000 vya ngege (tilapia). Sasa sijui wamebaki wangapi, na sitaki kulikausha. Kuna hesabu ya shule ya kunisaidia?

#19 Chaki_Nyalenda

Ipo, na ni uwiano wa kawaida. Vua samaki, tuseme 80. Kila mmoja mkate kidogo ncha ya pezi, kisha warudishe wote. Subiri kama wiki moja wachanganyike. Vua tena, tuseme umepata 75, na 10 kati yao wana alama. Ikiwa mvuo wa pili ni sampuli ya haki, sehemu ya wenye alama ndani ya wavu inalingana na ile ya bwawa zima. 10 kati ya 75 ni sawa na 80 kati ya wote. Wote ni 80 mara 75 gawa kwa 10, yaani 600.

Hiyo 600 usiishike kama hesabu ya benki. Wangetoka 12 wenye alama ungepata 500, wangetoka 8 ungepata 750, na tofauti ya samaki wawili ni bahati tu ya wavu. Rudia mvuo wa pili mara kadhaa siku tofauti uone namba zinavyotawanyika.

Sasa namna ya kuchagua. Kama unavua pale unapolishia tu, unawapata wale wale wenye njaa: wenye alama watazidi kwenye wavu, na utadhani bwawa lina samaki wachache kuliko ilivyo. Kama waliokatwa pezi wanaugua, wanaliwa na mnandi au fisi maji kwa urahisi, au wamejifunza kuukwepa wavu, wenye alama watapungua na utadhani samaki ni wengi. Na ngege huzaana bwawani: vifaranga vipya havina alama, na vikipita kwenye matundu ya wavu, basi hesabu yako ni ya wakubwa peke yao.

#20 Mfugaji_Vihiga

Hao wakubwa ndio ninaowataka, kwa sababu ya chakula. Nimekuwa nikilisha kwa hesabu ya samaki 1,000.

#21 Chaki_Nyalenda

Basi hapo kuna pesa. Mfano: wakiwa na wastani wa gramu 200 nawe unalisha asilimia 3 ya uzito kwa siku, samaki 1,000 ni kilo 200, chakula kilo 6. Samaki 600 ni kilo 120, chakula kilo 3.6. Ni kilo 2.4 kila siku zinazozama na kuchafua maji.

Ukienda kupima huo wastani wa uzito, vuta wavu pande zote nne, wamwage kwenye beseni, na umpime kila aliyeingia mpaka beseni liishe. Ukichagua kwa mkono, mkono utaenda kwa wakubwa.

#22 Mfugaji_Vihiga

Nitaanza Jumamosi. Kidato3 wa Kakamega, kama uko likizo na mzazi wako akikubali, njoo naye ushike daftari. Mzani ninao.